Garanti ni miezi tatu, haipite!

Kamarade, ndugu na dada zetu wa Goma,

Leo tunasema juu ya nyumba. Mu Himbi, mu Keshero, kandokando ya ziwa, etaji zinapanda kila siku. Mwenye kujenga si adui yetu: anapatia mafundi kazi. Lakini kila etaji inapopanda, mpangaji wa nyumba ya mbao ya pembeni anaongezewa bei kwa dola, na yeye anapata faranga. Njo anasogea Ndosho, kisha Mugunga, na pesa yote inaishia kwa motari.

Hii bei ina sababu. Tangu 1994 mashirika yalikuja kupanga nyumba kwa dola. Lava ya Januari 2002 ikachoma katikati ya mji. Na mwenye pesa ya madini ao ya biashara anaiweka mu parseli, juu haamini benki. Kwake nyumba ni kasha ya pesa. Kwetu ni pa kulala.

Sheria iko. Ile namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi tatu. Wangapi kati yetu tumeombwa sita, na komisioneri juu yake? Kijana mwenye diplome bila kazi atatoa wapi?

Na wazazi wenye parseli, musikilize. Kufuatana na sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali. Haki yako inaonyeshwa na sertifika ya kuandikisha. Mwingine akiichukua juu ya parseli yako, miaka miwili ikipita, sheria inasema haiwezi tena kushambuliwa. Karatasi ya kuuziana peke haitoshi. Tajiri anajua ile njia. Na sisi tuijue.

Tunaomba mambo matatu:

1. Serikali isimamie miezi tatu, na iazibu mwenye kuipitisha.
2. Biro ya udongo ibandike bei ya kila karatasi mulangoni, raia asiombwe pesa ya chini ya meza.
3. Mwenye kujenga aandike kontra, na atoe risiti.

Na sisi wapangaji: tusilipe bila risiti. Mmoja akiombwa miezi sita, twende naye wote, kwa amani, na sheria mkononi. Mtu peke yake anafukuzwa. Avenue nzima haifukuzwi.

Goma ni yetu pia!