Mbio za Derby, na Mtu Aliyezingoja Miaka Mingi

Wahenga walisema ya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo yanafaa sana kukumbukwa yanaposimuliwa mashindano ya farasi yaitwayo Derby, ambayo hukimbiwa kila mwaka huko Epsom, mahali palipo kusini ya mji wa London. Maana katika mashindano hayo, mwaka 1953, mwana wa mchimba makaa alishindana na farasi wa Malkia, na mambo yaliyotokea siku ile yana mafundisho kwa kila mtu.

Kwanza yafaa kueleza mbio zenyewe. Derby ilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1780, ikapewa jina la mkuu mmoja wa Uingereza, Earl of Derby. Farasi aliyeshinda mwaka ule aliitwa Diomed, mali ya Sir Charles Bunbury. Mwanzoni mwendo ulikuwa maili moja tu, lakini tangu mwaka 1784 umekuwa maili moja na nusu. Katika mbio hizi hakuna kuruka ua wala handaki. Ni kukimbia tu juu ya majani.

Sheria iliyo kubwa kuliko zote ni hii: farasi wote wawe wa umri wa miaka mitatu, si zaidi wala si pungufu. Kwa hiyo kila farasi hupata nafasi moja tu maishani mwake. Akishindwa leo, hana mwaka ujao. Mpanda farasi ndiye awezaye kurudi na kujaribu tena.

Sheria ya pili ni ya uzito. Mwaka 1953 kila farasi dume alipaswa kuchukua ratili 126, yaani mpanda pamoja na tandiko lake. Mpanda aliye mwepesi mno huongezewa vipande vya risasi. Hupimwa katika mizani kabla ya mbio, na mbio zikiisha hupimwa tena, ili pasiwe na udanganyifu.

Tena uwanja wa Epsom si tambarare. Njia yake imepindika mfano wa kiatu cha farasi. Mwanzoni farasi hupanda kilima, kisha huteremka kwa kasi hata kwenye kona iitwayo Tattenham, na baada ya hapo hubaki kipande kilichonyoka, karibu nusu maili, mpaka mwisho. Farasi atumiaye nguvu zake zote kilimani huishiwa pumzi kabla ya kufika. Naye farasi mwenye mwili mkubwa aweza kuyumba katika mteremko na kupoteza nafasi yake. Basi mpanda hana budi kuwa na akili kama vile farasi alivyo na mbio.

Gordon Richards alizaliwa mwaka 1904, na baba yake alifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Alipokuwa kijana aliandikwa kazi katika mazizi ya farasi, akajifunza kufagia, kulisha na kusugua farasi kabla ya kukabidhiwa hatamu. Alipata ushindi wake wa kwanza mwaka 1921, na kufika mwaka 1925 alikuwa amewashinda wapanda farasi wote wa Uingereza kwa hesabu ya mbio alizoshinda. Mwaka uliofuata akashikwa na kifua kikuu, ugonjwa uliowaua wengi siku zile. Akatibiwa, akapona, akarudi kazini, na mwaka 1927 akawa wa kwanza tena. Katika maisha yake alipata sifa hiyo mara 26.

Lakini Derby ilimkataa. Mwaka 1936 alikuwa wa pili. Mwaka 1942 alipanda Big Game, farasi wa Mfalme George wa Sita, naye akashindwa. Mwaka 1947 alipanda Tudor Minstrel, ambaye watu wengi waliona kwamba hana mwenziwe. Akafika wa nne. Alikuwa amejaribu mara 27 bila kufaulu, na umri wake ulikuwa umefika miaka 49. Watu walianza kusema ya kwamba bahati yake imefungwa.

Tarehe 2 Juni 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alivikwa taji. Ni yeye aliyepata ufalme mwezi Februari 1952, wakati alipokuwa Kenya, upande wa Nyeri. Katika heshima zilizotolewa kwa ajili ya sherehe hiyo, Richards alitajwa kupewa cheo cha Sir. Hakuna mpanda farasi aliyepata kupewa cheo hicho kabla yake.

Siku nne baadaye, Jumamosi tarehe 6 Juni, farasi 27 walisimama tayari Epsom. Malkia alikuwapo, na farasi wake Aureole alikuwa miongoni mwao. Watu wengi walitamani ashinde, ili furaha ya taji ikamilike. Richards alimpanda Pinza, farasi mkubwa wa Sir Victor Sassoon, aliyenunuliwa akiwa mtoto kwa gini 1,500. Aliyemzalisha ni Fred Darling, mwalimu wa farasi ambaye Richards alimtumikia miaka mingi. Siku ile mzee huyo alikuwa mgonjwa sana.

Mbio zikaanza. Walipoizunguka kona ya Tattenham, aliyetangulia alikuwa Shikampur, farasi wa Aga Khan, ambaye wafuasi wake walikuwa wengi katika Afrika ya Mashariki. Pinza alimfuata nyuma. Richards hakufanya haraka. Ilipobaki kama robo maili alimwachilia farasi wake, na Pinza akampita Shikampur. Ndipo Aureole akatokea nyuma akija kwa nguvu, na watu wakapiga kelele. Lakini Pinza hakushikika. Akamaliza mbele kwa nafasi ya urefu wa farasi wanne, naye Aureole akawa wa pili.

Malkia hakukasirika. Alimwita Richards akampa pongezi, na watu wakamshangilia mshindi kana kwamba wao wenyewe wameshinda. Fred Darling alifariki siku tatu baadaye, farasi aliyemzalisha akiwa ameshinda.

Mwezi wa Julai farasi hao wawili walikutana tena Ascot, na Pinza akashinda mara ya pili. Mwaka 1954 Richards aliumizwa na farasi, akaacha kupanda, akiwa ameshinda mbio 4,870. Alifariki mwaka 1986. Malkia naye aliendelea kupeleka farasi Epsom miaka mingi, lakini hata alipofariki mwaka 2022 hakuwa ameipata Derby.

Katika uwanja ule mizani haikumwuliza mtu baba yake ni nani, wala farasi wa Malkia hakupewa hatua moja ya mbele. Mwana wa mchimba makaa alingoja zamu yake, na ilipofika, ilimkuta yu tayari.