Mafuta ya Meli Yakimwagika



Mmetuuliza: mafuta ya meli yakimwagika baharini, tutafanyaje? Tuwape habari za wenzetu wa kisiwa cha Morisi. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba. Agosti 6 mafuta yakaanza kuvuja, kama tani 1,000. Wanavijiji hawakungoja mtu. Walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaifungia chupa tupu ielee, wakaitandaza baharini. Wengine walizoa mafuta mikono mitupu, hilo tusiige.

Sisi miwa hatuna, lakini makumbi tele. Kazi ni kuyazuia majini. Yakishaingia kwenye mikoko yanaziba mizizi, mti unakosa pumzi. Nasi tukikanyagakanyaga humo tunayashindilia topeni, yakae miaka. Kamba wetu wanakulia humo humo, jamani. Basi magunia matupu msitupe, yaletwe ghalani.