Kabla ya Kupanda, Tupime Maji

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika)



Nimeombwa kueleza kwa nini miche ya michungwa tuliyogawa katika sharika za pwani imekauka. Kamati moja pia imeuliza kama tunaweza kuomba fedha za kuleta miche iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili chumvi. Nitajibu yote mawili.

Kwanza, kosa ni letu sisi wa ofisini. Tulichimba kisima, maji yakatoka mengi, tukamshukuru Mungu, tukapanda. Hatukuyapima chumvi. Akina mama walimwagilia kwa uaminifu kila siku, ndoo moja moja. Maji yalikauka kwa jua, chumvi ikabaki udongoni. Majani yakaungua nchani, kisha yakapukutika. Nimesikia baadhi yao wakilaumiwa kwa uvivu. Naomba lawama hizo ziishe leo.

Kanisani tumezoea kuhubiri uzuri wa chumvi, lakini mchungwa ni mti dhaifu mbele yake. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1985 unaonyesha kuwa maji yakizidi kipimo cha desisimensi 1.1 kwa mita, mavuno ya machungwa huanza kupungua, yakifika 3.2, mavuno hubaki nusu. Kisima chetu, tulipokipima baadaye, kilizidi 4.

Pili, miche ya maabara. Mchungwa wa kubebesha ni miti miwili: chini ni shina lenye mizizi, juu ni kikonyo kinachozaa. Mizizi ndiyo mlinzi wa mlango. Huko Hispania, ugonjwa wa tristeza, ulioonekana mwaka 1957, uliua mamilioni ya miti iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Wakulima wengi wakahamia shina la Carrizo, ambalo hustahimili ugonjwa huo lakini ni dhaifu kwa chumvi. Ndipo watafiti wa taasisi ya kilimo ya Valencia, IVIA, walipotangaza mwaka 2000 kuwa wameingiza katika Carrizo kinasaba cha hamira kiitwacho HAL2, kinachohusiana na kustahimili chumvi. Wazo ni jema: shina libadilishwe, kikonyo kinachozaa kibaki cha kawaida.

Hata hivyo, shina hilo halijafika kwa wauza miche. Kustahimili chumvi hakutegemei kinasaba kimoja, na mti wa matunda huhitaji miaka mingi ya majaribio. Tena, nchini kwetu, Kanuni za Usalama wa Bayoteknolojia za mwaka 2009 zinadai kibali kwa mimea ya aina hiyo. Sisemi kazi ya watafiti ni dhambi. Akili ya kutafiti ni karama. Nasema tu kwamba sadaka ya wajane haiwezi kununua kitu kisichouzwa.

Tatu, tufanye nini? Yapo mashina ya kawaida, kama mchenza wa Cleopatra na ndimu ya Rangpur, yanayozuia chumvi isipande majanini vizuri kuliko Carrizo. Lakini hayo nayo yana kikomo. Kwa kisima kama chetu hayatoshi. Kwa hiyo napendekeza:

1. Hakuna mche utakaogawiwa kabla maji na udongo havijapimwa.
2. Michungwa ipelekwe katika sharika zenye maji matamu.
3. Penye chumvi tupande minazi, ambayo huivumilia.
4. Wafadhili waturuhusu kutumia sehemu ya fedha zilizobaki kununua kipimo cha chumvi, kizunguke sharika zote.

Ndugu zangu, kipimo hicho tungekuwa nacho mwanzo, tusingewatwisha akina mama ndoo za bure. Tumewakosea, na taarifa ya mradi itasema hivyo.