Kuomba Uraia wa Marekani: Daftari Kwanza, Fomu Baadaye

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Shauri nililopewa ni la ndugu zetu wanaokaa Marekani kwa idhini ya ukaazi wa kudumu, ambao baada ya miaka mingi wataka kuomba uraia wa nchi ile. Huenda mtu akauliza, "Jambo hilo latuhusu nini sisi tuliopo hapa, kila mmoja na meza yake na majalada yake?" Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu hao ni ndugu zetu hasa: wapo waliotoka Tanzania na Kenya kwa masomo na kazi, na wapo waliotoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi. Pili, wakihitaji cheti cha ndoa au hati ya talaka, ni sisi wanaotuandikia tuwatafutie. Basi kalamu zetu zimo katika shauri lao.

Neno langu la leo ni moja. Ombi la uraia halianzi siku fomu inapofunguliwa. Laanza siku mtu anapopewa kadi ya ukaazi, na kufaulu kwake hutegemea sana kumbukumbu alizoziweka miaka yote ya katikati. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukaazi ni mali.

Nianze na hesabu ya miaka. Sheria yataka mkaazi wa kudumu awe amefikia umri wa miaka 18, na awe ametimiza miaka 5 katika ukaazi huo. Aliyeoana na raia wa Marekani, akaishi naye katika ndoa hiyo muda wote, na mwenziwe akawa raia muda wote huo, aweza kuomba kwa miaka 3. Tarehe ya kuanzia kuhesabu ni ile iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, wala si siku kadi ilipofika kwa posta. Kwa mkimbizi, tarehe hiyo hurudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia Marekani. Tena sheria yaruhusu ombi kupelekwa siku 90 kabla ya miaka kutimia. Mathalan, kadi iliyoandikwa tarehe 10 Machi 2021 yatimiza miaka 5 tarehe 10 Machi 2026, na mwenye kadi aliweza kupeleka ombi tangu tarehe 10 Desemba 2025. Aliyepeleka tarehe 9 alikuwa amewahi mno, na ombi lililowahi hukataliwa ingawa mwombaji ana sifa nyingine zote. Kwa hiyo yafaa kuzidisha siku chache kuliko kupunguza hata moja.

Baada ya miaka huja hesabu ya safari, na hapa ndipo ndugu zetu wengi hukwama. Hesabu hii ina mizani miwili, nayo haifanani. Mzani wa kwanza ni siku ambazo mwili wa mtu ulikuwa ndani ya Marekani: katika miaka 5, hazipungui miezi 30, yaani siku 913. Mzani wa pili ni mfululizo wa ukaazi. Safari moja iliyozidi miezi 6 humfanya afisa adhani kwamba mfululizo umekatika, mpaka mwombaji aonyeshe kinyume. Safari iliyofika mwaka mzima hukata mfululizo bila mjadala, isipokuwa kwa watu wachache wa kazi maalum waliopata kibali mapema. Ile hati ya kurudia ambayo mtu huichukua kabla ya safari ndefu humlindia ukaazi wake, lakini haimlindii mfululizo huu wa kuombea uraia. Wengi wameichukua wakidhani yatosha kwa yote mawili.

Sasa tutazame desturi zetu. Mama anaugua, mtoto aliyeko Marekani anarudi kumuuguza. Mama anafariki, kuna matanga, kisha arobaini, kisha shauri la mirathi. Mtoto akitazama kalenda, miezi 7 imekwisha. Hakuna atakayemlaumu kwa wema huo. Walakini mtu huyo yampasa awe na karatasi za kuonyesha kwamba nyumba yake kule iliendelea kulipiwa, kazi yake ilimngoja, mume au mke na watoto walibaki pale, na kodi ya serikali ilitolewa hesabu kama kawaida. Asiye na karatasi hizo atasema kweli, lakini hatakuwa na ushahidi.

Dawa yake ni daftari dogo la safari. Fomu ya ombi, iitwayo N-400, huuliza kila safari ya nje iliyozidi saa 24 katika miaka ile 5: siku ya kutoka, siku ya kurudi, na nchi alizokwenda. Aandike siku ile ile anaporudi, wala asitegemee mihuri ya pasipoti, maana mihuri mingine hufifia na mipaka mingine haipigi muhuri. Pasipoti ya zamani asiitupe. Kadhalika aandike nyumba zote alizokaa na kazi zote alizofanya katika miaka hiyo, pamoja na tarehe. Akihama nyumba, sheria yamtaka aijulishe serikali anuani yake mpya ndani ya siku 10. Na kabla ya kuomba awe amekaa miezi 3 katika jimbo au wilaya ya Idara ya Uhamiaji anapoombea.

Jambo la tatu ni mwenendo. Idara yataka mtu mwenye tabia njema, na huangalia hasa ile miaka 5, ingawa haizuiwi kutazama nyuma zaidi. Kodi huulizwa: je, alitoa hesabu kila mwaka? Kama anadaiwa, je, ana mapatano ya kulipa, na analipa? Wanaume waliokaa kule wakiwa kati ya miaka 18 na 26 huulizwa kama walijiandikisha katika orodha ya wawezao kuitwa jeshini. Kukamatwa na polisi huulizwa pia, hata kama kesi ilifutwa. Na mwombaji yampasa kuleta hati ya korti ionyeshayo mwisho wa kesi.

Tena kuna mtego ambao watu waaminifu huweza kunasa. Katika ofisi za leseni za magari, mtu huweza kupewa karatasi ya kujiandikisha kupiga kura pamoja na karatasi nyingine, naye asiyeisoma hutia sahihi. Karatasi hiyo husema kwamba mwenye sahihi ni raia. Kusema u raia nawe si raia, au kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, ni kosa liwezalo kumpotezea mtu si uraia tu, bali na ukaazi wenyewe. Sisi makarani twajua kwamba sahihi haina udogo.

Nakuja kwenye jambo lituhusulo sana, yaani majina, watoto na ndoa. Katika lugha yetu mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu, na hapana aonaye ajabu. Katika fomu ya Marekani mtoto ni yule uliyemzaa, au wa kambo, au uliyemchukua kwa hukumu ya sheria, basi. Na wote hao walio chini ya miaka 18 hutakiwa kutajwa, wawe wako wapi. Aliyemwandika mpwa kuwa mwanawe katika karatasi za ukimbizi, au aliyemwacha mtoto wa nje bila kumtaja, atayakuta maandishi yale ya zamani mbele ya afisa siku ya mahojiano. Ndoa nazo ni vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huitambua ndoa ya wake wengi. Marekani huuliza waziwazi kama mtu amepata kuwa na ndoa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na anayeishi katika ndoa ya namna hiyo ndani ya miaka inayoangaliwa hunyimwa uraia.

Je, mtu mwenye tofauti katika karatasi zake afanye nini? Asiifiche, wala asipeleke ombi kwa haraka. Kupeleka ombi ni kufungua jalada lote tangu ukurasa wa kwanza, na ikionekana kwamba ukaazi ulipatikana kwa maneno yasiyo kweli, au kwamba lipo kosa la jinai la namna fulani, ombi la uraia laweza kugeuka kuwa shauri la kufukuzwa nchini. Mtu wa namna hiyo amwone wakili wa mambo ya uhamiaji kwanza, au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali. Asiende kwa mjuzi wa mtaani ajazaye fomu kwa malipo, kisha asionekane siku ya matata.

Hapa nawageukia ninyi wanachama. Ndugu akikuandikia, "Nitafutie cheti, lakini tarehe iwe hii," usimsaidie. Cheti kilichogeuzwa ili kumpendeza ndugu ni shoka juu ya shingo yake. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu waweza kunyang'anywa kwa hukumu ya korti hata baada ya miaka mingi. Mpelekee nakala ya kweli ya daftari la kweli. Na kama daftari lenyewe lina kosa, kosa lirekebishwe kwa njia ya sheria, mbele ya msajili, na karatasi ya marekebisho iwekwe.

Nieleze kwa ufupi safari ya ombi lenyewe. Ada, kama ilivyowekwa tangu tarehe 1 Aprili 2024, ni dola 710 kwa apelekaye kwa mtandao na dola 760 kwa apelekaye kwa karatasi. Mwenye kipato kidogo aweza kuomba kulipa dola 380, au kusamehewa kabisa. Ombi likikataliwa, ada hairudishwi. Lakini aliyekataliwa baada ya mahojiano ana siku 30 za kuomba shauri lisikilizwe tena na afisa mwingine.

Siku ya mahojiano mwombaji huapishwa kwanza, kisha afisa hupitia fomu jibu kwa jibu. Mazungumzo hayo ndiyo mtihani wa kusema Kiingereza. Kwa hiyo haitoshi kujua majibu. Yafaa kuelewa maneno ya maswali yenyewe, maana ajibuye "ndiyo" kwa swali asilolielewa amejibu chini ya kiapo. Husomeshwa sentensi na kuandikishwa sentensi. Kisha huja maswali ya historia na serikali. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 20 Oktoba 2025, maswali ya kujifunza ni 128. Afisa huuliza mpaka 20, na mtu hufaulu kwa kupata 12. Aliyeshindwa hupewa nafasi ya pili. Wazee wamefikiriwa: mwenye miaka 50 aliyekaa miaka 20 kwa ukaazi wa kudumu, au mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15, husamehewa Kiingereza, naye aweza kujibu maswali ya serikali kwa Kiswahili akiwa na mkalimani. Mwenye miaka 65 aliyekaa miaka 20 hupewa orodha fupi ya maswali 20, huulizwa 10, na hufaulu kwa 6.

Baada ya kufaulu bado mtu si raia mpaka aape. Siku ya kiapo huulizwa tena mambo yaliyotokea tangu mahojiano: safari, ndoa, au kukamatwa. Basi wakati wa kungoja si wakati wa kulegea.

Mwisho nataja jambo lililo zito kuliko yote. Katika kiapo kile mtu hukana utii wake kwa dola nyingine. Je, nchi yake ya kuzaliwa yasemaje? Majibu si mamoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yamwachia Mkenya wa kuzaliwa uraia wake, nayo sheria ya mwaka 2011 yamtaka atoe taarifa ndani ya miezi 3. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 husema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine. Na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili: achukuaye wa nchi nyingine kwa hiari yake huacha wa Tanzania. Kwa hiyo Mtanzania na aulize kabla ya kiapo, wala si baada yake, juu ya shamba la urithi, nyumba aliyoanza kujenga, na namna atakavyoingia nchini kuwazika wazee wake. Simwambii achague lipi. Wapo waliochagua uraia wa kule kwa ajili ya watoto wao, na wapo waliobaki wakaazi maisha yao yote. Namwambia achague akijua.

Bwana Rais, Mabibi na Mabwana, mtu hawezi kuishika sheria ya nchi nyingine mkononi mwake, lakini aweza kushika daftari lake. Waandikieni ndugu zenu juma hili. Waambieni wanunue daftari, waandike safari ya mwisho waliyoikumbuka, na wazihifadhi karatasi za kodi mahali pamoja. Nasi tuwapelekee vyeti vya kweli.