BOKSI LA ASILI AU LA KUAZIMA?

Hotuba kwa wanachama na wanafunzi



Mwenyekiti ameniomba nieleze kazi ninayoifanya Marekani, kwa kuwa wengi wenu mmesikia kwamba fulani anauza bunduki, na baadhi ya wazee wamenisikitikia. Napenda kuwatoa wasiwasi. Nafanya kazi katika nyumba ya mnada, idara ya silaha za kale. Mimi siuzi; hukagua na kuandika maelezo ya kila kitu kabla hakijanadiwa. Na sehemu kubwa ya muda wangu haiendi kwenye silaha yenyewe, bali kwenye boksi lake.

Msicheke. Nendeni Kariakoo mkanunue simu iliyokwisha tumika. Swali la kwanza ni hili: "Ina boksi lake?" Mnunuzi mwerevu hubonyeza *#06#, kisha huilinganisha namba inayotokea na ile iliyobandikwa kwenye boksi. Zikilingana, moyo hutulia. Zisipolingana, huanza kuuliza simu ilitoka kwa nani. Wakusanyaji wa rivolva, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba boksi lao huenda lina miaka sitini, au mia na sabini, na fedha ni nyingi zaidi.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1847 Samuel Colt alitengeneza rivolva kubwa iitwayo Walker. Zilikuwa kama 1,100 tu: 1,000 za jeshi la Marekani na 100 za raia. Moja ya zile za raia iliuzwa katika mnada huko Illinois mwaka 2018 kwa dola milioni 1.84. Mojawapo ya sababu za bei hiyo ni kwamba ndiyo pekee ya raia inayojulikana kubaki na kasha lake la mbao. Sasa fikirini kishawishi anachokipata mtu mwenye bastola nzuri isiyo na kasha.

Katika kazi hii nimejifunza kuuliza maswali matatu, na kuyauliza kwa mpangilio.

Swali la kwanza: je, kasha hili ni la wakati ule? Hapa tunatafuta kitu ambacho hakikuwapo. Kasha linalosemwa kuwa la mwaka 1851, lakini bawaba zake zimekazwa kwa skrubu za bisibisi ya nyota, limejishitaki lenyewe, kwa sababu skrubu hizo zilipata haki ya uvumbuzi mwaka 1936. Boksi la karatasi ngumu lenye anwani ya Marekani inayomalizika kwa namba tano za posta haliwezi kuwa la kabla ya Julai 1963, namba hizo zilipoanza. Likiwa na ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, basi ni la baada ya Juni 1974, bidhaa ya kwanza yenye mistari hiyo iliposomwa katika duka moja la Ohio.

Hata karatasi husema. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilianza kutia kwa wingi dawa za kuing'arisha karatasi. Ukiimulika karatasi hiyo kwa taa ya urujuanimno, kama zile wanazokagulia noti benki, hung'aa kwa rangi ya buluu. Karatasi ya zamani hubaki imefifia. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani Magharibi lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler. Wachunguzi wa serikali walipozipima walikuta dawa ya namna hiyo, ambayo Hitler hakuishi hadi kuiona. Habari yote ikaanguka.

Swali la pili: je, kasha hili ni la aina hii ya bastola? Kiwanda cha Smith & Wesson cha Springfield, Massachusetts, kilitoa mwaka 1955 rivolva iliyoitwa Combat Magnum. Mwaka 1957 kiwanda kilianza kuzipa bastola zake namba za aina, na hiyo ikawa Model 19. Basi bastola iliyotoka kiwandani mwaka 1956 ikiletwa ndani ya boksi lililochapwa "Model 19", boksi laweza kuwa halali kabisa, la kiwanda kilekile, tena zuri, lakini si lake.

Kwa makasha ya mbao tunatazama ndani. Mtindo wa Kiingereza una vyumba vilivyogawanywa kwa kuta ndogo; mtindo wa Kifaransa una kitanda kilichochongwa kufuata umbo la silaha. Vyovyote iwavyo, bastola iliyolala mahali pamoja miaka mia huacha alama: kitambaa hubonyea chini ya silinda, mafuta hutia doa, nyundo husugua mfuniko. Tunailaza bastola taratibu na kutazama kama alama zinaifuata. Kitambaa kikiwa kimechakaa mahali ambapo bastola haigusi, ujue kulikuwa na mpangaji mwingine.

Swali la tatu ndilo gumu: je, ni la bastola hii hii, si ya dada yake? Kwa maboksi ya Smith & Wesson ya miaka ile tunaligeuza boksi juu chini. Wafanyakazi waliandika kwa mkono, kwa penseli ya nta, namba ya bastola iliyotiwa ndani. Pia Smith & Wesson na Colt wana utaratibu wa kuandika barua kutoka katika kumbukumbu zao, wakieleza bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani siku gani na ilipelekwa kwa mfanyabiashara gani. Ni barua yenye thamani. Lakini sikilizeni vizuri: inaeleza bastola, haielezi boksi.

Vijana, hapa kuna jambo la mantiki ambalo ningependa mlishike. Ushahidi huu hauendi sawa pande zote mbili. Boksi likiwa jipya kuliko siku ambayo bastola ilitoka kiwandani, limekataliwa, hakuna rufaa. Lakini likiwa la zamani kidogo, halijakataliwa, maana hakuna kiwanda kinachotupa maboksi kwa sababu tu lebo imebadilika. Watayatumia mpaka yaishe. Vilevile, boksi likifaulu mitihani yote halijathibitika kuwa la asili. Limeshindwa tu kukataliwa. Aliyeshika boksi halali la mwaka uleule, la aina ileile, lisilo na namba, anaweza kuandika namba.

Siku moja alikuja mama mmoja, mjane, na rivolva ya marehemu mumewe ndani ya boksi la buluu. Mumewe aliinunua kwa bei kubwa kwa sababu ya boksi hilo, na yule mama alikuwa ametegemea fedha za mnada kulipia paa la nyumba. Boksi lilikuwa la wakati wake na la aina yake. Namba ya chini ililingana na ya bastola, tarakimu kwa tarakimu.

Nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Sehemu ya chini ya boksi ilikuwa imechubuka kwa miaka ya kuburutwa kwenye kabati. Kama namba ingekuwa ya kiwandani, michubuko ingeikata mistari ya penseli. Niliona kinyume: nta ilikuwa imeingia ndani ya michubuko na kuijaza. Namba iliandikwa baada ya boksi kuchakaa.

Mwenzangu ofisini alishauri tuandike "linaaminika kuwa boksi lake la asili". Kila neno katika sentensi hiyo lingeweza kutetewa mahakamani, kwa kuwa kweli mwenye mali aliamini. Nilikataa. Nilimwambia, "Anayesoma maelezo yetu hanunui imani ya mama huyu. Ananunua macho yetu." Tuliandika: boksi sahihi kwa aina na kipindi; namba imeongezwa baadaye.

Kisha nilimwita mama, nikampa kioo atazame mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mume wangu alijua?" Nikamjibu kwamba boksi haliwezi kuniambia hilo, ila mtu anayejua amedanganya hatunzi risiti, na mumewe aliitunza ya kwake. Bastola iliuzwa kwa bei ya bastola, na boksi kwa bei ya boksi. Alipata pungufu ya alivyotarajia, wala sitawaambia kwamba alinishukuru. Lakini aliyenunua alijua anachokinunua, na hakuna mjane mwingine atakayekuja siku moja kuambiwa habari hiyo kwa sababu ya maandishi yetu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Boksi la kuazima si kosa, ndugu zangu. Wapo mafundi wanaotengeneza maboksi mapya ya mfano wa zamani, wakayauza kwa jina hilo, na hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza pale cha kuazima kinapoandikwa kuwa ni cha mwenyewe, na mara nyingi huanza kwa neno dogo kama "linaaminika". Ninyi mtakaokuwa makarani, wahasibu, madaktari na mahakimu mtaombwa kuliandika neno hilo mara nyingi kuliko mimi.

Kabla sijakaa, nina ombi kwa wote. Majumbani mwenu kuna vitu vya wazee: saa iliyokuja na kasha lake, santuri za taarabu ndani ya majalada yake, cherehani yenye kitabu chake cha maelezo. Msivisafishe na msivitenganishe. Chukueni karatasi leo, andikeni nani alikinunua, wapi, mwaka gani, na nani amewasimulia. Tieni tarehe na sahihi, muiweke pamoja na kitu chenyewe. Karatasi hiyo isibandikwe kwa gundi wala kufungwa kwa utepe wa plastiki, maana huharibu. Aliye hai aulizwe angali hai.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu. Nimeambiwa kuna wanafunzi wenye maswali, nami nimekuja na kioo changu cha kukuzia mfukoni.