Kompyuta ya Mfukoni

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Juzi, hapa mjini Morogoro, niliandika ripoti kwenye kompyuta ya kukodi. Virusi vikala kazi ya siku tatu. Kijana mmoja aliyeshuka na gari la mboga kutoka Mgeta akanionea huruma. Akamwomba ruhusa mwenye duka, akachomeka flashi yake, akaizima mashine na kuiwasha tena. Ikawaka kwa Linux iliyomo ndani ya flashi, programu aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, nayo hupatikana bure. Diski ya dukani haikuguswa. Tuliazima nguvu ya mashine, kioo na kibodi tu. Alipochomoa, akapanda nayo Uluguru, kazi yake yote mfukoni. Tusio na kompyuta tujifunze hilo. Ila tuweke nakala ya pili: flashi nayo hupotea.