ZIWA LA MWAKA WA PILI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilindoni, Mafia)



Huenda baadhi yenu mwaona kwamba kunyonyesha mtoto aliyekwisha kusimama dede si shauri la makarani. Sisi twaona latuhusu sana, maana kati ya watumishi wenzetu wamo wauguzi, walimu na makarani wa kike, nasi twawaona wakiacha kunyonyesha kabla ya wakati waliotaka wenyewe.

Miaka miwili si habari ngeni kisiwani petu. Kurani imeitaja kwa atakaye kutimiza, na Shirika la Afya Duniani lashauri maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha maziwa pamoja na chakula hata miaka 2 au zaidi. Wala mtu asidhani kwamba baada ya mwaka maziwa hugeuka maji. Katika mwaka wa pili yaweza kumpa mtoto kadiri ya theluthi moja ya nguvu anazohitaji, na mtoto mgonjwa akataaye uji mara nyingi hakatai ziwa.

Mama wa Jibondo au Juani aendaye mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua humwacha mtoto kwa bibi yake, naye arudipo humnyonyesha jioni na usiku. Hapo pana siri kubwa: maziwa hufanyika kwa kunyonywa, na anyonyeshaye usiku hayamkauki upesi kwa kutengwa mchana. Lakini bila huyo bibi nyumbani, na bila mtu wa kumtekea maji, mama huchoka akaacha.

Liko tena neno la kubemenda, ambalo wanaume hulikwepa. Mama akishika mimba, mtoto huondolewa ziwani siku ile ile, pengine kwa kupakwa shubiri. Twasema kwa heshima ya wazee: desturi hiyo ilikuwa na hekima ya kuweka nafasi kati ya watoto. Hata hivyo maziwa ya mja mzito si sumu. Mimba ikiwa ya kawaida, naye akila vya kutosha, aweza kuendelea, akiisha kumwuliza mkunga. Kimdhoofishacho mtoto ni kukatwa ghafula na kupewa uji mwepesi. Na mume aogopaye hayo afuatane na mkewe kliniki kutafuta njia ya kupanga uzazi, asimwachie lawama peke yake.

Sasa ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya siku 84, au 100 azaapo zaidi ya mmoja, tena yaweza kuanza wiki 4 kabla ya kujifungua. Basi wengine hurudi kazini mtoto hajatimiza miezi miwili. Sheria hiyo hiyo yamruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, muda usiozidi saa mbili kwa siku. Lakini twajua mahali ambapo mama aliulizwa, "Huyo mtoto hajakua tu?" akaona haya, hakuomba tena.

Kilindoni si mji mkubwa. Aliye na nyumba karibu aweza kwenda na kurudi kwa miguu. Kwa hiyo twamwomba Katibu aweke mambo mawili katika shughuli za mkutano ujao: muda wa kunyonyesha uandikwe katika orodha ya zamu, na sisi wanaume tujiandikishe kwa majina kushika meza ya mama awapo kwa mtoto.